Kidonge Kilekile

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa koti jeupe,
nameza kidonge changu kwa kibuyu cha chai chungu,
nimesimama, dirisha nimelifunga,
minuano ukipiga miluzi kwenye ufa wa mlango.
Miligramu hamsini. Mwaka wa tatu huu,
tangu mama alipokufa nami nikasahau
namna ya kukunja shuka.

Halafu basi, hadi hospitali, maabara ya ghorofa ya pili,
na huko nakikuta tena:
kidonge kilekile, kimesagwa, kimeyeyushwa,
jina lake kwa wino usiofutika ubavuni mwa chupa.
Tunasalimiana kama majirani
waliogongana mlangoni kwa mkopeshaji.

Daktari Zanella alikuja nayo siku moja, koti limelowa:
"Dawa ya huzuni, Iraci. Wanasema inaua kuvu."
Tulicheka. Kisha tukajaribu.
Kwenye sahani ya kioo kuvu lilirudi nyuma,
likaacha duara safi kuizunguka dawa
jinsi watu wanavyompisha mlevi.
Nikapima kwa rula. Milimita kumi na tisa.
Nikapima tena, maana nilitaka ziwe ishirini.
Mwamba ngoma huvutia kwake.

Kuvu hilo hukaa kwenye mavi ya njiwa,
kwenye vumbi la minara ya makanisa.
Porto Alegre nzima tumelivuta puani,
askofu na mfagiaji wake.
Haligombani na mwenye askari.
Linanyemelea, ndiyo kazi yake,
linahesabu walinzi wa damu wakipungua,
mia mbili, themanini, arobaini,
ndipo linapanda kichwani na kuanza kujenga.

Valdomiro alibakiwa na askari kumi na wanane.
Fundi wa mapaa; alikuwa amepanda minara yote hiyo.
Kichwa, alisema, ni boga lililoangukia lami.
Neusa alimchoma sindano mgongoni
na maji yakaruka, kana kwamba yalikuwa yakingoja kuitwa.
Nikachanganya tone na wino mweusi,
nikainamia hadubini:
usiku mtupu, na ndani yake miezi,
miezi mingi, kila mmoja na ua wake wa nuru.
Unisamehe, Valdomiro.
Nilisema kwa sauti: uzuri gani huu.

Kompyuta ilimchagulia bahasha namba sitini na moja.
Dawa, au unga uliovishwa rangi ya dawa,
hakuna kati yetu aliyejua.
Siku ya tisa aliomba redio.
Siku ya kumi na mbili aliniuliza
mbona macho yangu mekundu, kuna nini nyumbani.
Yeye, aniulize mimi!
Siku ya kumi na tano nilikuta kitanda kimetandikwa
na redio juu yake, betri zimetolewa.

Ilichukua miezi kumi na minne. Watu mia mbili na wanne.
Bahasha zikafunguliwa, kahawa ikapoa mezani.
Waliokufa upande huu, waliokufa upande ule:
mizani haikutikisika.
Zanella alivua miwani, akaifuta, akaivaa,
akaivua tena.
"Sahani ya kioo haina fuvu," alisema.
Hakuongeza neno, akatafuta mwavuli wake
ilhali mvua haikuwako.

Wengine walipotoka niliitafuta sitini na moja.
Sikutakiwa. Niliitafuta.
Ilikuwa dawa.
Basi asubuhi kumi na nne, mimi na fundi wa mapaa,
tulimeza kitu kimoja saa moja ileile,
mimi kwa ajili ya mama,
yeye kwa ajili ya njiwa.
Mimi nimejifunza tena kukunja shuka.
Yake ilikunjwa na Neusa.

Leo nilikishika kiganjani muda mrefu kuliko kawaida.
Kidogo, cheupe, na mstari katikati
kwa wanaotaka kukigawa.
Chai ilipoa. Nikakimeza.

Kwenye ripoti nimeandika: hakuna tofauti.
Kisha nikaenda kuosha sahani.